Wanafunzi 96, ruta nne: je, maabara ya mbali itatosha?

SWALI: Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja cha mashariki mwa Uganda. Muhula huu nina wanafunzi 96 wa somo la mitandao ya kompyuta. Zaidi ya nusu ni wa jioni na wikendi, wanatoka Busia, Malaba, Tororo, wengine hadi Soroti. Nina ruta nne za Cisco za zamani na swichi tatu, na chumba cha maabara tunakigombania na idara nyingine mbili. Mkuu wa idara anasema Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, inatosha. Mwenzangu mmoja anasema tuweke vifaa mtandaoni, wanafunzi wavifikie wakiwa nyumbani. Je, kwa hali yetu ya umeme na bando, jambo hilo linawezekana? Na mwanafunzi aliyesomeshwa hivyo atakuwa fundi kweli?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalowafanya wakuu wa idara wasite. Mwanafunzi wa kemia anayefanya jaribio kwa mbali amenyimwa kitu: harufu, joto la chupa, mkono unaotetemeka akimimina. Wa mitandao hanyimwi hivyo. Mhandisi aliyekaa Kampala akirekebisha ruta iliyoko Moroto haioni wala haigusi. Anachoona ni herufi kwenye skrini nyeusi, na akikosea amri moja, wateja wa Moroto wanabaki bila intaneti na yeye hana pa kuingilia. Hiyo ndiyo kazi atakayoajiriwa kuifanya. Maabara ya mbali ikijengwa vizuri inamfundisha jambo ambalo meza yenye vifaa haimfundishi: kuogopa kujifungia nje.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Maabara yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa ruta tatu kabatini, kila moja na anwani yake ya IP, wanafunzi wakiingia moja kwa moja kwa SSH, njia ya kuandika amri kwa mbali kupitia mtandao. Ijumaa moja usiku, vijana wawili wakaandika ACL, orodha ya kanuni za kuruhusu na kuzuia, ya kuzuia kila kitu, wakaibandika kwenye kiolesura (mlango wa mtandao) kilekile walichoingilia. Kimya. Kazi za wikendi nzima zikasimama, kwa sababu ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwa fundi aliyekwenda kijijini kuzika. Jumatatu nikakuta barua pepe za malalamiko zimejaa. Wale vijana hawakukosa. Walifanya zoezi nililowapa. Niliyekosa ni mimi niliyejenga nyumba ya mlango mmoja.

Kwa hiyo kabla hujafikiria tovuti, kalenda au nembo ya maabara, hakikisha una njia ya kuifikia ruta ambayo mwanafunzi hawezi kuiharibu. Njia hiyo ni poti ya konsoli, tundu la kebo la kuongea na kifaa moja kwa moja. Haitegemei anwani ya IP, haijali ACL, inaongea hata ruta ikiwa tupu kabisa. Zamani watu walitumia Cisco 2511, ruta kuukuu yenye laini 16 za kuunganishia konsoli za wenzake. Siku hizi kompyuta yoyote ya mitumba yenye Linux, vigeuzi vya USB kwenda poti ya siriali, na programu ya bure iitwayo ser2net, inayozifikisha poti hizo mtandaoni, vinafanya kazi hiyohiyo. Kigeuzi kimoja kwa kila kifaa. Wewe unahitaji saba.

Na hapa ndipo wasiwasi wako wa bando unapoisha. Konsoli ya Cisco kwa kawaida huenda kwa biti 9,600 kwa sekunde, yaani herufi 960 hivi. Hata ikitema herufi saa mbili mfululizo bila kupumua, haifiki megabaiti 7. Ongeza mzigo wa usimbaji na vichwa vya pakiti, bado video moja fupi ya WhatsApp inaweza kula zaidi ya zamu nzima ya maabara. Kinachoua bando la mwanafunzi ni kumfungulia eneokazi zima la Windows kwa mbali, na kamera inayomwonyesha taa za swichi zikimetameta. Taa hizo zinapendeza mbele ya wageni wa chuo. Ukitaka sana, piga picha tuli moja kila dakika, inatosha.

Mtandao wa simu unaokatika ni suala jingine, nalo lina dawa. Kikao cha mwanafunzi kiendeshwe ndani ya tmux, programu inayokishikilia kikao hata laini ikikatika, kwenye seva yako. Akiingia kwenye kona isiyo na mawimbi huko njia ya Soroti, kazi inabaki pale ilipo. Akirudi anaendelea kutoka mstari uleule. Wenye kompyuta wanaweza pia kutumia mosh, mbadala wa SSH, ambayo haishtuki mtu akihama kutoka laini moja ya simu kwenda nyingine.

Baada ya konsoli unahitaji mkono wa kuzima na kuwasha umeme kwa mbali. Kuna ekstensheni za kabatini zinazofanya hivyo kwa amri, lakini rilei chache zilizofungwa na fundi umeme anayejua kazi yake zinatosha. Usimpe mwanafunzi wa mwaka wa pili azifunge. Ni volti 240. Sababu ya kuhitaji mkono huo ni nywila. Kila muhula kuna kikundi kitakachoweka nywila kisha kiisahau, au kiiweke makusudi. Kwenye ruta, unakata umeme, unawasha, unatuma ishara ya kukatiza kupitia konsoli katika sekunde 60 za mwanzo, unabadili rejista ya usanidi (namba inayoiambia ruta iamke vipi) iwe 0x2142, ruta inaamka bila kusoma usanidi wa zamani. Yote hayo kwa mbali. Wafundishe wanafunzi wenyewe kufanya hivyo, ni zoezi zuri. Swichi ni kesi nyingine: familia ya Catalyst 2960, kwa mfano, inataka kidole kibonyeze kitufe cha mbele wakati inawaka. Hakuna skripti yenye kidole. Kwenye swichi zako, basi, amri za kuweka nywila zifungwe, na somo hilo lifanyike siku mtakapokutana chumbani.

Cha tatu ni kufuta, na kwa uzoefu wangu maabara nyingi hufia hapa. Kikundi kikimaliza zamu, vifaa virudi vitupu bila mtu kuamka usiku. Skripti iingie kwa konsoli, itoe write erase, amri ya kufuta usanidi uliohifadhiwa, iwashe upya. Usisahau kwamba VLAN za swichi, yaani mitandao midogo iliyogawanywa ndani yake, hazikai kwenye usanidi wa kuanzia. Zinakaa kwenye faili la vlan.dat. Usipolifuta, kikundi cha saa nne kitakuta VLAN za kikundi cha saa mbili, na mtapoteza wiki mkitafuta hitilafu isiyokuwepo. Mimi nilipoteza wiki mbili.

Sasa tufanye hesabu yako. Wanafunzi 96 wakiwa wawiliwawili ni vikundi 48. Chukua ruta tatu na swichi mbili ziwe seti moja. Ruta ya nne na swichi ya tatu ziwe akiba. Fungua zamu za saa mbili kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 usiku, na ndani ya kila zamu dakika kumi za mwisho ziwe za kufuta. Hizo ni zamu 9 kwa siku, 63 kwa wiki. Kila kikundi kinapata zamu yake ya wiki, zinabaki 15 za kufidia umeme uliokatika na waliochelewa. Seti moja! Chumba mnachokigombania hakiwezi kukupa hata theluthi ya hizo, na kikikupa kinakupa saa ambazo wanafunzi wako wa jioni wako kazini au dukani Malaba.

Lakini saa mbili kwa wiki hazimfanyi mtu kuwa stadi, na hapo mkuu wa idara yako hajakosea kabisa. Packet Tracer ni kiigizo kizuri cha wiki nne za mwanzo: ni ya bure kwa aliyejisajili kwenye masomo ya Cisco, inaenda kwenye kompyuta dhaifu, haihitaji intaneti kila dakika. Udhaifu wake ni kwamba haiendeshi mfumo halisi wa ruta. Inaigiza sehemu ya amri zake. Mwanafunzi akijaribu jambo ambalo watengenezaji hawakulifikiria, linakataa tu, na yeye anadhani amekosea. Mtandao halisi haukatai hivyo. Unakubali amri yako kisha unakuadhibu baada ya nusu saa.

Kati ya kiigizo na chuma, yaani vifaa halisi, kuna ngazi ambayo vyuo vyetu vingi vinairuka, nayo ndiyo ningeiweka katikati ya kozi yako: ruta za programu zinazoendeshwa kwenye seva moja. FRRouting ni programu huria ya ruta, ileile inayotumika kwenye mitandao ya kweli, na laini yake ya amri inafanana na ya Cisco kiasi kwamba mwanafunzi anahama bila shida. Ikikaa kwenye kontena, kisanduku chepesi cha programu ndani ya seva, ruta moja ndogo hula makumi ya megabaiti za RAM. Vikundi 48, kila kimoja na ruta nne, ni ruta 192. Ukizihesabu megabaiti 60 kila moja haifiki gigabaiti 12. Seva ya mitumba yenye gigabaiti 64 itawabeba wote kwa wakati mmoja na bado itapumua. Linganisha na mashine pepe (kompyuta nzima inayoigizwa ndani ya nyingine) ya ruta ya Cisco kama CSR1000v, ambayo moja tu inataka gigabaiti 3 au 4, na leseni juu yake.

Weka pia MikroTik, ruta za kampuni nyingine. Ukizunguka kwa watoa intaneti wadogo wa miji yetu, vifaa hivyo huwezi kuvikosa, na huko ndiko vijana wengi watakakopata kazi ya kwanza. Toleo lake la mashine pepe, CHR, ni la bure likibanwa kwenye megabiti 1 kwa sekunde kila kiolesura. Kwa kujifunza OSPF au BGP, lugha ambazo ruta hutumia kupashana njia, megabiti moja ni bahari. Na MikroTik ina Safe Mode: ukijikatia njia mwenyewe, baada ya dakika chache inarudisha ulivyovikuta. Wafanye wanafunzi wailinganishe na reload in 10 ya Cisco, ambayo inawasha ruta upya baada ya dakika kumi usipoighairi. Mwanafunzi anayeandika amri hiyo kabla ya kugusa ACL, bila kukumbushwa, ameiva.

Chuma basi kibaki kwa yale ambayo programu haiyaonyeshi. Mfano ninaoupenda ni kebo moja yenye swichi mbili zisizoelewana: upande mmoja unasema na kusikiliza kwa pamoja, mwingine unasubiri zamu. Ping, jaribio la kuona kama upande wa pili unajibu, inapita. Tovuti inafunguka. Faili kubwa linasuasua hadi unataka kulia. Kwenye mashine pepe huwezi kuliona hilo, kwa sababu hakuna waya. Wala huwezi kuona ruta inayochukua dakika tatu kuamka, au poti iliyokufa kwa radi.

Hofu ya kwamba haya yote ni ya Ulaya na Marekani iache. Katikati ya miaka ya 2000 Makerere iliingia katika mradi wa iLab pamoja na MIT, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Obafemi Awolowo cha Nigeria, kwa fedha za Carnegie Corporation. Ilikuwa elektroniki, si mitandao: mwanafunzi anapima saketi iliyo mbali kupitia kivinjari. Wakati ule hata kebo za baharini hazijagusa Mombasa. Kebo ya SEACOM ilifika 2009, na kabla yake Uganda ilitegemea setilaiti. Kufanya jaribio lililoko Marekani kwa laini ya aina ile kulikuwa kama kunywa uji kwa sindano, na wenzetu wa Makerere wakaishia kujenga maabara zao wenyewe hapahapa.

Fanya kama wao: seva ikae Uganda. Nchi yetu haina pwani, hivyo pakiti ya kwenda Ulaya lazima ipite Kenya au Tanzania kwanza, kisha baharini, kisha irudi. Ikikaa chuoni kwako au Kampala, na watoa huduma wanaobadilishana kupitia UIXP, kituo cha mabadilishano kilichoanza 2001, herufi inarudi kabla kidole hakijainuka. Kama chuo chako ni mwanachama wa RENU, mtandao wetu wa elimu na utafiti, anza kwao: ulizia mahali pa kuweka seva na laini yake. Kama mmejiunga na eduroam, huduma ya Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, mwanafunzi wako wa Soroti anaweza kuingia chuo chochote cha jirani chenye eduroam kwa jina na nywila ya kwenu, akafanya zamu yake bila kutumia bando hata kidogo.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya nje havitakuambia. Tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, wanafunzi wengi wana VPN ya bure kwenye simu. Android hairuhusu VPN mbili kwa pamoja. Ukiwataka waingie maabara kwa WireGuard, ambayo nayo ni VPN, ile ya kwanza inazimika, na wengine hawatajua kwa nini simu "imeharibika". Nakushauri mlango mkuu uwe wa kivinjari: Apache Guacamole, ambayo ni huria, inamfungulia mwanafunzi konsoli ndani ya ukurasa wa HTTPS bila kusakinisha chochote. Inakula data kuliko SSH tupu, kwa kuwa inachora skrini, ila kwa maandishi bado ni kidogo. WireGuard iachie wenye kompyuta mpakato. Na mwezi huohuo wa Januari 2021 intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa siku karibu tano. Kwa hiyo mafaili ya mazoezi ya FRRouting yagawe kwa flashi mwanzoni mwa muhula, ili mwenye kompyuta aweze kuendelea mwenyewe.

Umeme: vifaa vitano na seva vinaweza kufika wati 350. Betri ya volti 12 na saa-ampea 200 ina wati-saa 2,400. Ya asidi usiimalize zaidi ya nusu. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, unapata saa tatu hivi. Hiyo inavusha zamu moja na kidogo. Seva izimwe yenyewe betri ikishuka, kabla diski haijaumia. Ruta ziache zife ghafla. Aliyesahau kuhifadhi usanidi wake atakumbuka kesho.

Usalama nitausema kwa ufupi mkali: mtandao wa maabara usiguse mtandao wa chuo kwa waya wowote isipokuwa ule wa seva ya kuingilia, na seva hiyo isipitishe pakiti. Najua chuo ambako mwanafunzi aliwasha DHCP, huduma ya kugawa anwani za IP, kwenye ruta ya mazoezi, na kwa sababu ya kebo moja iliyosahaulika, ofisi ya uhasibu ikaanza kupokea anwani kutoka maabara siku ya mwisho ya kulipa ada. Maabara ilifungwa muhula mzima, na mwenye kuibeba lawama alikuwa mhadhiri.

Upande wa kufundisha, watafiti wawili, Ma na Nickerson, mwaka 2006 walipitia tafiti nyingi zilizolinganisha maabara za mkono, za kuigiza na za mbali. Waligundua kwamba kila upande ulikuwa unapima kitu chake: wapenzi wa maabara za mkono wakisisitiza ustadi wa kubuni, wa maabara za mbali wakisisitiza uelewa wa dhana. Swali la "ipi bora" kwa hiyo linategemea unachotaka kupima, na mitihani yetu mingi inapima kunakili. Unampa mwanafunzi karatasi ya amri, anazichapa, ping inajibu, anapata alama. Hapo hata maabara ya dhahabu haisaidii.

Wewe wape mtandao ulioharibika. Skripti iweke hitilafu moja au mbili kabla ya zamu: vipindi vya kutuma hello (salamu kati ya ruta) za OSPF visivyolingana, sekunde 10 upande mmoja na 30 mwingine, majirani hawaonani kabisa, au MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) tofauti, majirani wanaonana kisha wanaganda kwenye ExStart, hatua ya kuanza kubadilishana taarifa. Hiyo ya pili huwatoa jasho hata waliohitimu. Anwani za kila kikundi zitokane na tarakimu za mwisho za namba zao za usajili, ili jibu la jirani lisifae. Seva ya konsoli nayo inaweza kuandika kila herufi na saa yake, kwa hiyo unaposahihisha usiangalie mwisho tu. Soma walivyotafuta. Kikundi kilichoangalia kebo, kisha kiolesura, kisha majirani, kikashindwa mwishoni, mimi hukipa alama kuliko kilichobahatisha.

Yako mambo ambayo hutayapeleka mbali hata ufanyeje: kukata kebo na kuzipanga nyaya, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, hadi kahawia ya mwisho, kusafisha kichwa cha faiba, kubonyeza kile kitufe cha swichi. Waite wote Jumamosi mbili kwa muhula, asubuhi vikundi 24, mchana 24, na swichi yako ya akiba iwe mezani. Wa Soroti wapange mchana, wana safari.

Kwa muhula huu usijenge vyote. Anza na seva na FRRouting, maana havihitaji kibali cha kununua kitu, kompyuta moja ya ofisini yenye RAM ya kutosha inaweza kuanza kazi kesho. Konsoli na rilei zije likizo, wakati hakuna mtu anayelalamika. Mtafute kijana mmoja wa mwaka wa tatu mwenye subira, alipwe hata kidogo, awe anajibu ujumbe wa usiku. Na ufunguo wa kile chumba, tafadhali, uchongeshe wa pili, ukae kwa mtu anayeishi karibu na chuo.